Chora benchi kwanza, mtu atakuja kukaa

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanamke, mhasibu, nina miaka 33, nakaa Tabata, Dar es Salaam. Tangu mwaka jana nachora kwa penseli kama starehe ya kupumzisha kichwa, na nyumbani najitahidi: vikombe, viatu, dirisha la jikoni. Shida inaanza nikitoka nje. Nikikaa tu, watoto wananizunguka, watu wazima wananiuliza nimetumwa na nani, na mama ntilie mmoja wa Buguruni alinifukuza kabisa, akasema namchora ili nikamuuze. Halafu ninaowachora hawatulii. Nikimaliza kichwa, mtu ameshapanda daladala. Rafiki yangu ananishauri nipige picha kwa simu, nikachore nyumbani kwa utulivu. Nifanye hivyo? Naomba na ushauri wa vifaa, maana bei za maduka ya vifaa vya sanaa zinatisha.

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na la simu, maana ndilo lenye jibu fupi: usifanye hivyo. Angalau siyo sasa, wakati mkono bado unajifunza.

Sikukatazi kwa sababu picha ni dhambi. Nakukataza kwa sababu simu itakufundisha vibaya. Lenzi yake inameza eneo pana kuliko unavyotazama wewe. Simama kona ya Msimbazi upige: bajaji iliyo karibu nawe inavimba kama lori, na ghorofa la nyuma yake linakwenda mbali, dogo, kuta zimeegemea ndani. Ulipokuwa pale hukuona hivyo. Kivuli cha chini ya turubai, ambacho kwa macho ulikiona kina sufuria, kanga ya kijani na paka aliyelala, kwenye picha kimekuwa doa jeusi, na wewe utakaa mezani kwako ukilinakili doa hilo kwa uaminifu. Halafu simu haichagui. Inabeba nyaya, mabango na nzi, vyote kwa uzito mmoja, na mhasibu atataka kila kitu kiingie kwenye hesabu. Mchoro unaanza pale unapoamua nini usikichore, na uamuzi huo huja wenyewe ukiwa umekaa pale pale, jua linakuchoma na chai inapoa.

Kuna na la adabu. Mtu akielekezewa simu anajua picha inaweza kufika kwa watu elfu kabla hajamaliza kukunja uso. Daftari nalo linamtia wasiwasi, wa namna nyingine nitakayoifikia, lakini anaweza kulisogelea akaona kilichomo. Na simu mkononi Kariakoo hukwapuliwa. Miaka yote hii sijasikia mtu aliyekwapuliwa daftari.

Starehe hii yako, kwa taarifa, ina jumuiya ya dunia nzima. Inaitwa Urban Sketchers. Ilianzishwa na Gabriel Campanario, mchoraji wa gazeti mjini Seattle, Marekani, ambaye mwaka 2007 alianza kuwakusanya mtandaoni watu wanaochora miji wanayoishi. Kanuni yao ya kwanza ni kuchora ukiwa mahali penyewe, ndani au nje, kwa kuangalia kwa macho yako. Nyingine inakutaka uwe mkweli kwa unachokiona. Mimi si mtu wa kanuni, lakini hiyo ya kwanza nimeishika, kwa sababu ndiyo inayofanya skechi mbovu ya mtaani iwe na uhai kuliko skechi safi iliyonakiliwa.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Umeniandikia kama una matatizo mawili: watu wanakusanyika, na watu wanaondoka. Mimi naona ni moja. Unahamahama. Leo Buguruni, kesho Posta, Jumamosi ijayo Feri, na kila unapofika wewe ni mgeni, na kila unayemchora ni mpita njia. Huwezi kumchora mtu ambaye wote wawili mnapita. Unachohitaji ni kijiwe.

Angalia mji wenyewe unavyokaa. Dar hakuna anayekaa barabarani bila sababu. Muuza kahawa ana birika lake, bodaboda wana mti wao, wazee wana ubao wa drafti na vizibo vya soda. Hata asiye na kazi ana benchi linalomfahamu, na asipoonekana siku mbili ataulizwa. Sasa anakuja mtu asiyejulikana, anakaa, anatazama nyumba za watu, anaandika kwenye daftari. Mtu huyo wanamjua vizuri! Ni wa manispaa, au wa kodi, au wa barabara. Na baada yake inakuja alama ya X ya rangi nyekundu ukutani. Wanaokuuliza umetumwa na nani hawana nongwa na sanaa. Wanauliza kama nyumba yao itakuwepo mwakani.

Hili nililijua kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa kwenye mtaa ambao ulikuwa na fununu za kupanuliwa barabara, nikawa nachora nyumba ya Kiswahili ya zamani, ile ya vyumba vitatu huku, vitatu huku na korido katikati, yenye baraza la saruji mbele. Nilikuwa nimenyoosha penseli mbele ya uso, jicho moja nimefumba, napima urefu wa mlango. Kumbe kwa aliyekuwa ananiangalia kutoka ndani, hiyo ni kazi ya mpima ardhi. Mzee akatoka na msuli wake, akasimama mbele yangu, hakusalimia. Akasema, "Niambie tu ukweli. Mnabomoa lini?"

Nilianza kujieleza: sanaa, mapenzi ya majengo, kumbukumbu. Maneno matupu. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Mwisho nikakosa la kusema, nikaligeuza daftari nikampa. Akalishika kwa mikono miwili, akalisogeza mbali kama wasomavyo wazee, akanyamaza. Halafu akasema, "Mbona mlango wangu umeupindisha?" Na ilikuwa kweli, nilikuwa nimeupindisha. Akaita mke wake aje aone mlango uliopinda. Yule mama akauliza mwembe uko wapi, nikamwambia sijaufikia bado. Nikaletewa kigoda ili niufikie.

Basi kanuni yangu ya mtaani ni hiyo moja: daftari likigeuzwa linamaliza maneno. Usisubiri uulizwe. Ukifika, salimia waliopo, kaa, na ukiona mtu anakutupia jicho mara ya pili, mgeuzie ukurasa. Usiufunike kwa mkono kama mtoto anayeficha jibu la hesabu. Kinachofichwa ndicho kinachoogopwa. Wala usione haya kwamba mchoro haujawa mzuri. Mchoro mbaya huondoa hofu haraka zaidi, kwa sababu mtu anapata cha kukosoa, na akishakosoa ameshakuwa mwenzako.

Namna ya kupata kijiwe. Usikitafute kwa uzuri wa mandhari. Kitafute kwa mambo ya kawaida: kivuli, ukuta au mti wa kuegemea ili mtu asikae nyuma yako, na kitu cha kununua. Wewe ni mwanamke na utakuwa peke yako, kwa hiyo hilo la ukuta na la kununua nalitilia mkazo. Kaa kwa mtu: kwenye benchi la mama muuza chai, mlangoni kwa fundi cherehani, barazani kwa Mangi mwenye duka. Agiza chai na vitumbua, lipa mapema, sema, "Dada, nakaa hapa nusu saa nachorachora, sikuzibii wateja?" Kuanzia hapo uko chini ya mwavuli wake. Kijana akija na maneno yake, atajibiwa na mwenye benchi kabla wewe hujainua macho. Rudi hapo hapo wiki ijayo, na wiki inayofuata. Mara ya kwanza utakuwa kioja, mara ya tatu watakuuliza mbona umechelewa, na mara ya sita utakuwa sehemu ya benchi, ambapo mambo yote mazuri ya uchoraji huu huanza.

Saa ya kwenda ni asubuhi, kuanzia saa moja mpaka saa tatu, au jioni kuanzia saa kumi. Siyo kwa ajili ya joto peke yake, ingawa jasho likidondoka kwenye karatasi halifutiki. Mji wetu uko kama nyuzi saba kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Mchana wa siku hizo nguzo ya umeme haina kivuli, na uso wa jengo unakuwa bapa kama kadi. Saa mbili asubuhi kivuli cha mtu kinakuwa kirefu, karibu mara mbili ya urefu wake au zaidi. Kivuli hicho kinakuonyesha ardhi ilivyolala na ukuta unakoelekea, kazi ambayo vinginevyo ungeihangaikia kwa mistari ishirini.

Tuje kwa watu wasiotulia, na hapa nitakaa kidogo.

Umesema ukimaliza kichwa mtu ameondoka. Umejijibu mwenyewe: unaanza na kichwa. Karibu kila mtu anaanza huko kwa sababu ndiko tunakotazamana, halafu kichwa kinakuwa kikubwa, macho yanawekwa kope, na mwili unabanwa kwenye karatasi iliyobaki. Mtu mzima aliyesimama ana urefu wa vichwa kama saba na nusu. Kwenye skechi ambayo mtu ana urefu wa kidole chako, kichwa chake ni punje ya maharage. Huhitaji macho wala pua. Anza na uzito: mguu gani umembeba? Vuta mstari mmoja kutoka shimo la shingo hadi kisigino cha mguu huo, kisha mabega, kisha nyonga. Sekunde kumi. Kichwa kiwe cha mwisho, na akiondoka kabla, weka doa tu, msomaji wa mchoro ataelewa. Mama aliyejitwisha ndoo ndiye mwalimu mzuri kuliko wote kwa hili: ndoo, shingo na miguu vinakaa kwenye mstari mmoja wa wima, la sivyo maji yangemwagika. Mchore huyo mara hamsini, utajua mwili wa binadamu unavyosimama.

Jambo la pili: wanaofanya kazi hawatulii, lakini wanarudia. Mpika chapati ana mikao kama minne: anasukuma, anatandaza kwenye chuma, anageuza, anapaka mafuta. Usimfukuze kwa penseli. Gawa ukurasa sehemu nne, anza mkao wa kwanza, akibadilika hamia wa pili, akirudi kwenye wa kwanza na wewe rudi uendelee. Baada ya chapati kumi na tano una wanawake wanne kwenye ukurasa na wote ni yeye. Konda anayening'inia mlangoni ana mkao wake, na Coaster inayosubiri kujaza kituoni itakupa dakika tano nzima. Fundi viatu anakupa saa.

Jambo la tatu ndilo lililobeba kichwa cha habari hii. Chora benchi kwanza, mtu atakuja kukaa.

Nikueleze ninavyofanya kwenye kijiwe changu cha kahawa, Ilala, chini ya mti wa mkungu. Nafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, muuza kahawa ameshaweka birika lake juu ya jiko la mkaa na anagonganisha vikombe. Dakika tano za kwanza sichori kitu. Nakunywa. Natazama nini hakitaondoka: shina la mkungu, benchi, ngazi mbili za duka ambalo bado limefungwa, ndoo ya kusuuzia vikombe. Hivyo ndivyo ninavyoviweka kwanza, kwa mistari myepesi. Mkungu una wema wake kwa mchoraji, matawi yake yanatoka kwa ngazi, bapa, kama rafu, huna haja ya kuhangaika na majani. Benchi nalichora lote, kana kwamba hakuna aliyelikalia, ingawa pana wazee watatu juu yake. Kwa nini? Kwa sababu wazee watabadilishana, lakini makalio ya kila atakayekuja yatakaa kwenye ubao ule ule. Benchi likishakuwa mahali pake, yeyote akikaa tayari nina kimo chake. Huyu namchukua mgongo, yule aliyekuja baadaye namchukua namna alivyoinamia kikombe, wa tatu namchukua kofia. Mtu mmoja kwenye mchoro wangu mara nyingi ni watu wawili: miguu ya mzee wa kwanza, mabega ya aliyempokea nafasi. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Usawa wa macho nao utakuokoa. Ukiwa umesimama mahali tambarare, macho ya watu wazima waliosimama, wa karibu na wa mbali, huangukia karibu mstari mmoja kwenye karatasi. Kinachotofautiana ni miguu: wa karibu miguu yake inashuka chini kabisa ya ukurasa, wa mbali inaishia juu. Ukikaa kwenye kigoda, mstari unashuka nawe, na unawakata wote kiunoni au juu yake kidogo. Vuta mstari huo hafifu kabla ya yote. Wachoraji wengi wapya huweka watu wa mbali juu zaidi kwenye karatasi, vichwa na miguu, na umati wao unaonekana kama unapanda kilima cha Pugu.

Bodaboda, maana najua utafika huko, zianzie kwenye magurudumu. Kati ya tairi la mbele na la nyuma linaingia karibu gurudumu jingine zima. Ukiliweka hilo sawa, tangi na kiti vitajipanga vyenyewe. Baiskeli ni tofauti: kati ya matairi yake kuna nafasi ya nusu gurudumu na kidogo. Ndiyo maana pikipiki za wanaoanza huonekana kama baiskeli zilizonenepa.

Vifaa, haraka. Usinunue chochote dukani kwa wasanii kwa mwaka mmoja. Nenda stesheneri, nunua karatasi nene ya A4 isiyo na mistari, ya gramu 160 ukiipata, au manila nyeupe, waambie wakukatie nusu na wakubaindie kwa ringi. Jalada liwe gumu, ndilo litakuwa meza yako. Penseli ya 2B na kalamu ya wino ya kawaida, ile ya kuandikia risiti. Wino wake una mafuta, ukipitisha maji juu yake hausambai ovyo. Wa kalamu za jeli mara nyingi unasambaa, ujaribu kwanza pembeni. Rangi ya vivuli unayo kwenye kikombe: kahawa chungu ya kijiweni, kwa brashi ndogo, inatoa udongo mzuri sana, na ukirudia tabaka la pili inakoza. Kwa kuwa haina sukari, sisimizi hawataila. Chai ya maziwa usijaribu, mimi nilijaribu. Wakati wa masika karatasi inachelewa kukauka, kwa hiyo tembea na vibanio viwili vya nguo vya kushikia kurasa zisigusane. Raba iache nyumbani. Mstari uliokosewa uuache, vuta mwingine kando yake.

Watoto hawaondoki, kwa hiyo wape kazi. Mimi hubeba vipande vya karatasi na penseli fupi mbili. Akija na "Anti, nichore!" mwambie na yeye akuchore wewe. Kimya kinachofuata kinatosha kumaliza benchi na nusu ya mti. Anayesema umemchora umlipe, usilipe na usibishane. Nunua anachouza. Kama hauzi kitu, mchanie kipande chake umpe, ulikuwa mchoro wa dakika mbili tu.

Wapo nisiowachora. Aliyelala barabarani, mgonjwa wa akili, mtu aliye msibani, anayeswali: hao hawawezi kuniambia hapana. Na yapo majengo ya kuacha kabisa: Ikulu, kambi za jeshi, vituo vya polisi, bandari. Askari hatakaa kukusikiliza tofauti ya skechi na ramani, na sheria haiko upande wako. Feri ni pazuri, lakini Ikulu iko hatua chache kutoka sokoni, kwa hiyo geukia samaki. Siku ambazo huna nguvu za watu, nenda kakae karibu na kanisa la Azania Front, lile la Kilutheri lenye mnara na paa jekundu. Jengo halitembei na wapita njia wa pale wameshazoea wageni wanaolitazama. Ila usihesabu madirisha. Najua kazi yako, lakini usihesabu.

Hukuniuliza kama starehe hii ina faida yoyote, na sipendi uanze kuitafutia faida, lakini nitakuonyesha kurasa zangu mbili. Moja niliichorea Forodhani, Unguja: Beit al Ajaib, jengo la 1883, baraza zake ndefu na zile nguzo nyembamba za chuma. Upande wa kulia haukukamilika, mvua ilininyeshea, nikajiambia nitarudi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo ilianguka. Nyingine ni ya soko la Kariakoo, lile alilolisanifu Beda Amuli miaka ya 1970, lenye paa la miavuli ya zege. Nilikaa upande wa chini siku nzima kwa sababu nilitaka kuelewa miavuli ile inavyopokeana. Julai 2021 soko likaungua. Ukurasa wangu una doa la embe na jina la mtoto aliyeniandikia bila kuombwa, na tarehe, na saa. Tarehe na saa uandike kila mara, pembeni chini, hata kwenye mchoro unaouonea aibu.

Kwa hiyo, mpango wa Jumamosi. Nimefikiria sana kijiwe chako kiwe wapi na ninakupa jibu ambalo hutalipenda: kwa yule mama ntilie wa Buguruni. Alipokufukuza alikutamkia hofu yake wazi, na mtu wa namna hiyo huwa hana unafiki. Nenda asubuhi kabla ya msururu wa chapati, daftari likiwa ndani ya mkoba. Msalimie, shikamoo kama ni mkubwa kwako, agiza, kula, lipa. Usichore. Jumamosi inayofuata fanya hivyo hivyo, ila daftari liwe mezani, limefungwa. Atauliza tu. Akiuliza, mfungulie ukurasa ule wa siku aliyokufukuza, umwombe radhi kwamba hukumaliza sufuria. Kama bado ana hasira, agiza supu.